Danny Thomas na nadhiri ya mamake: mtoto akilazwa, mzazi alale wapi?

Ukipita nje ya hospitali kubwa hapa Pwani baada ya sala ya Isha, utawaona. Ni kina mama waliotandika leso chini ya mti au kwenye kibaraza, kichwa kimelazwa juu ya mkoba wa nguo, chupa ya chai ubavuni. Wao si wagonjwa. Mgonjwa ni mtoto, yuko ndani wadini. Wao wametoka Faza, Kipini, Hola au Lunga Lunga, na mjini hawana pa kulala.

Mimi nina deni na kina mama hao. Nitalieleza kabla sijamaliza. Kwanza, ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, mchekeshaji mashuhuri wa Marekani mwenye damu ya Kiarabu. Wengi walimjua kwa vichekesho vyake vya televisheni. Mimi namtaja kwa sababu ya swali alilolijibu na ambalo sisi hapa bado hatujalijibu: mtoto akiugua maradhi makubwa, mzazi wake alale wapi?

Jina lake la umaarufu ni Danny Thomas. Wazazi wake hawakumwita hivyo. Walimwita Muzyad Yakhoob, wa ukoo wa Kairouz, na baadaye jina likageuzwa kuwa Amos Jacobs ili Wamarekani waweze kulitamka. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1912 katika mji mdogo wa Deerfield, jimbo la Michigan. Baba na mama yake walikuwa wahamiaji kutoka Bsharri, kijiji cha milimani Lebanon, Wakristo wa madhehebu ya Maroni.

Kwetu sisi hadithi ya wahamiaji kama hao si ngeni. Miaka ile ile ambayo Washihiri walikuwa wakishuka Mombasa na Lamu kutafuta riziki, wakiuza maji na kahawa mitaani, Walebanoni na Wasyria nao walikuwa wakivuka bahari nyingine kuelekea Marekani. Wengi wao walianza kwa uchuuzi, mzigo mgongoni, mlango kwa mlango. Kijana Amos alikulia Toledo, jimbo la Ohio, katika nyumba ya watoto wengi na pesa chache, na kwa muda mrefu alilelewa na mjomba na shangazi.

Kuna kisa kimoja cha utotoni mwake ambacho alikisimulia mpaka uzeeni. Mdogo wake, mtoto wa miezi michache tu, aliumwa na panya kitandani. Akapatwa na degedege, na hali yake ikawa mbaya mpaka watu wakakata tamaa. Mama yake akapiga magoti akaweka nadhiri: Mungu akimwachia mtoto huyu, yeye ataomba sadaka mlango kwa mlango kwa mwaka mzima, na kila senti atakayoipata atawapa maskini. Mtoto akapona. Mama naye akatimiza. Alikuwa maskini mwenyewe, Kiingereza chake kibovu, lakini alizunguka mitaa ya Toledo mwaka mzima akikusanya senti za watu wengine kwa ajili ya watu wengine.

Nadhiri sisi twaijua. Itikadi zetu na zake ni mbalimbali, lakini hakuna mzee wa Pwani asiyejua uzito wa kumwahidi Mola jambo wakati wa dhiki, wala aibu ya kusahau dhiki ikipita. Hilo ndilo lililomfuata Danny Thomas maisha yake yote.

Alianza kazi utotoni, akiuza peremende ndani ya ukumbi wa michezo pale Toledo. Humo ndimo alimojifunza kazi ya kuchekesha, kwa kuwatazama wachekeshaji usiku baada ya usiku na kusikiliza ni wakati gani watu wanacheka. Mwaka 1932 alipata nafasi redioni mjini Detroit. Huko akakutana na Rose Marie, mwimbaji, wakaoana mwaka 1936. Mapenzi yalikuwepo, pesa hazikuwepo.

Mwaka uliofuata mkewe alikuwa mjamzito na siku zake zinakaribia. Danny hakuwa na namna ya kulipia hospitali. Kama alivyosimulia mwenyewe, aliingia kanisani na kutumbukiza mchangoni dola 7 alizokuwa nazo, kisha akatoka akijiona mwendawazimu, akaomba arudishiwe maradufu kwa sababu kuna bili inamsubiri. Kesho yake akaitwa kufanya kazi ndogo ambayo malipo yake yalizidi zile dola 7 mara 10. Mtoto akazaliwa, bili ikalipwa. Huyo binti, Marlo, alikuja kuwa mwigizaji mashuhuri na ndiye baadaye aliyebeba kazi ya baba yake.

Angalia basi jinsi mambo yalivyopangwa. Mara mbili katika maisha yake, mara kama ndugu na mara kama baba, alisimama mahali pale pale: mtoto upande mmoja, umaskini upande wa pili, na katikati mzazi asiyejua afanye nini.

Baada ya hapo njia haikunyooka mara moja. Alifikia hatua ya kujiuliza kama aache usanii akauze duka. Katika shida hiyo alimwomba Mtakatifu Yuda Thadei, ambaye Wakatoliki humtaja kama msaidizi wa mambo yaliyoshindikana, amwonyeshe njia yake. Akaahidi kwamba akionyeshwa, atajenga mahali pa kumkumbuka. Mwaka 1940 alikwenda Chicago kuchekesha katika klabu ya usiku. Kwa kuwa hakutaka ndugu zake wajue kwamba amerudi kwenye vilabu, alijibandika majina ya kaka zake wawili, akawa Danny Thomas. Hapo ndipo nyota yake ilipong'ara.

Kutoka Chicago alikwenda New York, kisha Hollywood. Wakubwa wa sinema walimwambia akakatwe pua, kwa sababu ilikuwa kubwa mno kwa kamera. Alikataa. Aliipeleka pua ile ya Kilebanoni kwenye televisheni, na mwaka 1953 akaanza mchezo wake uliodumu mpaka 1964. Ndani yake alikuwa baba msanii anayesafiri mno, na alikuwepo pia mjomba wa Kilebanoni mwenye kelele na moyo mkubwa. Wakati ambapo wageni wengi Marekani walificha asili yao, yeye aliiweka sebuleni mwa mamilioni ya watu.

Hata jina la mchezo huo lilitoka nyumbani kwake. Alipokuwa safarini, binti zake walihamia chumba cha mama yao wakalala naye, nguo zao zikajaa katika mitoto ya meza ya baba. Habari za kurudi kwake zikija, ilibidi wafungashe wahame, wampishe baba. Hivyo mchezo ukaitwa Make Room for Daddy, yaani baba apishwe apate nafasi. Ni jambo la kuchekesha, na watu walicheka. Lakini mtu aliyejua kwamba familia ikitengana hata vitanda hubadilika wenyewe, alikuwa tayari ameelewa jambo ambalo hospitali nyingi hazijaelewa mpaka leo.

Umaarufu ukaja, pesa zikaja, na ahadi ikabaki. Wengine wangejenga sanamu wakaweka jina lao chini. Yeye alikwenda kwa Kadinali Samuel Stritch, askofu mkuu wa Chicago, kutaka ushauri. Stritch aliwahi kuwa padri Memphis, jimbo la Tennessee, naye akamwelekeza huko. Mwanzoni wazo lilikuwa hospitali ya watoto maskini. Lakini mji ulikuwa tayari umepata hospitali ya watoto, na madaktari wa pale, akiwemo Lemuel Diggs aliyekuwa akishughulika na ugonjwa wa selimundu, wakamshauri ajenge mahali pa kutibu na kutafiti maradhi ambayo hayakuwa na tiba. Kubwa kati ya hayo lilikuwa saratani ya damu ya watoto.

Lazima nieleze Memphis ya wakati ule ilikuwaje. Ulikuwa mji wa ubaguzi. Mweusi na mweupe hawakula meza moja, hawakulala hoteli moja, na mtoto mweusi mgonjwa aliweza kukataliwa mlangoni pa hospitali kwa rangi yake tu. Ni mji huo huo alimouawa Martin Luther King mwaka 1968. Hapo ndipo Danny Thomas aliposema kwamba hospitali yake itampokea kila mtoto, wa rangi yoyote, wa dini yoyote, mwenye nacho na asiye nacho. Ramani ilichorwa na rafiki yake Paul Williams, msanifu majengo mweusi kutoka Los Angeles, bila kudai malipo. Aliichora kwa umbo la nyota.

Pesa zilitoka wapi? Watu hudhani tajiri mmoja alitia saini hundi. Sivyo. Danny na mkewe walizunguka Marekani kwa gari, mji hadi mji, akichekesha na kuomba. Aliwaita wasanii wenzake. Mwezi Juni 1957 palifanyika tamasha la mchango Memphis, na Elvis Presley, kijana wa mji huo, akafika. Lakini alijua tamasha si chombo cha kudumu. Kujenga ni siku moja, kuendesha ni kila siku.

Akawageukia watu wa kwao. Mwezi Oktoba 1957, Wamarekani wapatao 100 wenye asili ya Kiarabu, wengi wao watoto wa wale wachuuzi wa mlango kwa mlango, walikutana Chicago wakaunda jumuiya ya kuichangia hospitali. Jumuiya hiyo huitwa ALSAC, na ndani ya jina hilo mna majina ya Lebanon na Syria. Wazo lake lilikuwa rahisi. Wazee wetu walikuja nchi hii mikono mitupu wakapokewa, basi tuirudishie shukrani kwa kutunza watoto wake. Senti za mama yake zilikuwa zimeota mizizi. Tofauti ni kwamba safari hii hakuzunguka mwanamke mmoja, walizunguka maelfu.

Hospitali ya Watoto ya St. Jude ilifunguliwa tarehe 4 Februari 1962 mbele ya watu wapatao 9,000. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Daktari Donald Pinkel. Wakati huo kati ya watoto 100 waliopatwa na aina ya saratani ya damu inayowashika watoto zaidi, waliopona walikuwa 4 tu. Madaktari wengi waliona ni ukatili hata kumpa mtoto dawa zenye maumivu kwa ugonjwa usiopona. Pinkel alikataa. Alichanganya dawa kadhaa pamoja na mionzi, akatibu kwa hatua, akaendelea kwa miaka miwili mpaka mitatu. Kabla ya miaka 10 kupita, nusu ya watoto walikuwa wakipona. Leo hospitali hiyo inasema wanaopona ugonjwa huo ni 94 kati ya 100.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoipita hadithi hii bila kuiona.

Tiba ya miaka miwili si kama tiba ya malaria. Mtoto halazwi miaka miwili. Hulazwa siku za mwanzo na siku za hali mbaya, kisha hutoka, anarudi kliniki kila siku, halafu kila wiki, apimwe damu, atiwe dawa, atazamwe. Katikati ya dawa kinga yake ya mwili hushuka kabisa. Akipata homa usiku huo, haingojwi asubuhi. Ni suala la saa. Kwa hiyo anatakiwa awe karibu na hospitali, asiwe ndani wala asiwe mbali. Na mtoto wa miaka minne hawezi kuwa karibu na hospitali peke yake. Anatakiwa awe na mama au baba, na mama anatakiwa awe na kitanda, jiko, maji safi na choo.

St. Jude ilitambua hili mapema. Watoto walitoka Mississippi, Arkansas na mashambani Tennessee, wengi wao watoto wa vibarua. Hospitali ikaamua kwamba mzazi hatapewa bili, na haikuishia kwenye bili ya dawa. Nauli, malazi na chakula, vyote vimo. Bima ikiwepo, ilipe kiasi chake, lakini mzazi mwenyewe hadaiwi.

Malazi ya mwanzo yalikuwa hotelini, na hapo ubaguzi ukajitokeza. Hospitali iliibana hoteli iliyopokea familia za wagonjwa ipokee familia nyeusi sawa na nyeupe. Ndugu msomaji, hebu lifikirie hilo. Daktari angeweza kusema kazi yangu ni damu na sindano, mambo ya hoteli hayanihusu. Lakini mtoto mweusi aliyekubaliwa wadini huku mama yake akikataliwa kitanda mjini, huyo hajakubaliwa bado.

Mwaka 1974, mbali na Memphis, katika mji wa Philadelphia, wazo hilo hilo lilichukua sura ya nyumba kamili. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Fred Hill, alikuwa na binti mwenye saratani ya damu. Yeye na mkewe waliwaona wazazi wenzao wakilala kwenye viti vya hospitali. Wakaungana na Daktari Audrey Evans, aliyekuwa akitibu watoto hao, na timu ikachangisha, na kampuni ya McDonald's ikatia mkono, ikafunguliwa nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald. Leo nyumba za namna hiyo ziko nchi nyingi duniani, na moja iko Memphis, inahudumia familia za St. Jude. Hospitali yenyewe hupanga familia kwa muda wa kukaa: wapo wa siku chache, wapo wa wiki kadhaa mpaka miezi mitatu, na wapo wa zaidi ya hapo. Hawa wa mwisho hupewa nyumba yenye vyumba, sebule na jiko, kwa sababu familia inayokaa mwaka mzima haiwezi kuishi kama wasafiri.

Jiko nalitaja makusudi. Mama akiweza kumpikia mwanawe uji anaoujua, mtoto aliyekataa chakula cha wadini hula.

Danny Thomas aliendelea kuchekesha na kuomba mpaka mwisho. Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan alimkabidhi medali ya dhahabu ya bunge la Marekani kwa ajili ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa Februari 1991 alisherehekea miaka 29 ya hospitali yake. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Februari, moyo wake ulisimama, akiwa na miaka 79. Hakuzikwa Hollywood. Alizikwa Memphis, katika bustani ndani ya uwanja wa hospitali, na mkewe Rose Marie akazikwa pembeni yake mwaka 2000. Kila siku watoto wenye vipara vya dawa hupita karibu na kaburi lile na wazazi wao, wakitoka walikolala wakienda kutibiwa.

Tuseme ukweli: hatuwezi kujenga St. Jude Mombasa kesho. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati hawafiki 30. Sababu ni nyingi, kuna kuchelewa kugundua, kuna dawa kukosekana. Lakini mojawapo inayotajwa kila mara ni matibabu kuachwa njiani. Mtoto alikuwa ameshaanza kupata nafuu, kisha hakurudi. Daktari huandika kwenye faili kwamba mgonjwa ametoroka tiba. Lakini mtoto hatoroki. Mzazi ndiye aliyeishiwa na nauli, na pa kulala, na subira ya wenyeji wake.

Hapa ndipo nalipa deni langu.

Mpwa wangu alipatwa na maradhi hayo. Dada yangu alimtoa Faza, kwa mashua mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa. Alifikia kwangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sisi tulikuwa sita. Mwezi wa kwanza tulimpokea kwa mikono miwili. Mwezi wa pili watoto walianza kununa kwa kulala sebuleni. Mwezi wa tatu, jioni moja mezani, mimi mwenyewe nilitania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu walicheka. Dada yangu naye alicheka.

Wiki iliyofuata akasema mtoto anaonekana yuko sawa, na nyumbani kuna mambo yamemngoja, atakuwa akija siku za kliniki tu. Sikumzuia. Namwambia msomaji wangu jambo ambalo sijamwambia hata yeye: nilipoona anafunga mkoba, moyo wangu ulipata nafuu. Kliniki ya kwanza alikuja. Ya pili bahari ilichafuka. Ya tatu nauli haikupatikana. Kisha mtoto akashikwa na homa usiku, huko kisiwani, na mpaka walipofika barabarani palikuwa pamekucha.

Hospitali siilaumu, dawa ilikuwepo. Siri yangu ni hiyo: mwanangu wa dada yangu hakukosa dawa, alikosa kitanda cha mama yake.

Kwa hiyo nauliza watu wa Pwani, hasa wale wenye majumba. Wazee wetu walijua wakfu. Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu zimejaa nyumba, maduka na mashamba yaliyowekwa wakfu, kodi yake iwashe taa za msikiti, ilishe madrasa, ichimbe kisima kwa wapita njia. Tume ya Wakfu ipo, na sheria ipo. Kwa nini asipatikane mtu mmoja wa kuweka wakfu ghorofa moja, hatua chache kutoka hospitali, kwa ajili ya wazazi wa watoto wagonjwa? Vitanda 10, vyandarua, jiko la pamoja, maji yasiyokatika, sehemu ya kina mama na sehemu ya kina baba, mlinzi mmoja, na daftari la kuandika nani ameingia na ametoka lini. Mlango uwe wazi kwa Mbajuni, Mpokomo, Mgiriama, Mdigo na Mluo, Muislamu na Mkristo.

Na asiye na ghorofa ana simu. Magrupu yetu ya WhatsApp hukusanya pesa za harusi kwa siku tatu, na pesa za kusafirisha maiti kwa usiku mmoja. Maiti hurudishwa kwao kwa heshima, na hilo ni jema. Lakini mtoto aliye hai, ambaye angehitaji sehemu ndogo ya pesa hizo ili mamake apange chumba mpaka dawa iishe, hakufunguliwa grupu. Mama yake Danny Thomas hakuwa tajiri. Alikuwa na miguu tu na aibu aliyoimeza, na alizunguka mwaka mzima.

Dada yangu yuko Faza. Hajanilaumu hata siku moja, na hunitumia samaki wa kukaanga kila mtu akija Mombasa. Watoto wangu wakubwa wameoa na kuolewa, na chumba cha uani kiko wazi. Mwezi uliopita nilikipaka chokaa, nikatia kitanda, chandarua na jiko dogo la gesi. Kisha nikaenda kwa mhudumu mmoja wa wadi ya watoto nikamwachia namba yangu. Amempata mama mmoja kutoka Tana River, mwanawe ana miaka mitano. Wanaingia Jumatatu, na siku ya tatu hakutakuwa na jembe.